Njia ya hewa baridi ya injini: pima kwanza, bomba baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Gari langu lina injini ya petroli ya lita 2.0 isiyo na turbo. Sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia injini, imefungwa kwenye mfuniko wa sanduku la chujio la hewa. Nataka niliondoe sanduku lote, nitengeneze bomba la alumini la milimita 76 na kuweka chujio la koni mwishoni, hapo hapo chini ya boneti. Rafiki yangu anasema hata bomba la maji la PVC linatosha. Je, nitapata nguvu zaidi? Mafuta yatapungua? Na kwa nini wengi wakifanya hivi taa ya injini huwaka?"

Ndugu yangu, ukiutekeleza mpango huo kama ulivyouandika, gari litanguruma zaidi, ila huenda likawa na nguvu pungufu kuliko lilizonazo leo. Wazo la kuipa injini hewa ya baridi ni zuri na faida yake ni ya kweli. Tatizo ni kwamba umeanzia kwenye bomba, na katika kazi hii bomba ndilo lenye faida ndogo kuliko vitu vyote. Faida kubwa iko mahali hewa inapoingilia, na katika kuizuia isichanganyike na joto la injini. Nitakueleza kwa hesabu, kisha nikupe namna ya kupima gari lako mwenyewe kabla hujakata chochote.

Petroli huungua vizuri kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Angalia kwamba hesabu hiyo ni ya uzito. Pistoni ikishuka huvuta ujazo uleule kila mara, lakini oksijeni iliyomo ndani ya ujazo huo hubadilika kulingana na joto na presha ya hewa inayoingia. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu wa kama asilimia 9 ukiilinganisha na hewa ya nyuzi 30 kwa ujazo uleule. Hasara hiyo yote haifiki kwenye magurudumu, maana hata hewa iliyoingia ikiwa baridi hupata joto inapopita kwenye manifoldi (mabomba yanayoigawa hewa kwenye silinda) na kugusa kuta za silinda. Ndiyo sababu hesabu za kusahihisha vipimo vya nguvu za injini za petroli hutumia kipeuo cha pili cha joto badala ya joto lenyewe. Kwa matumizi yetu shika hivi: kila nyuzi 6 za joto unazoziongeza kwenye hewa inayoingia hukuondolea kama asilimia 1 ya nguvu.

Upande wa pili ni presha. Hewa inayotuzunguka, kwa usawa wa bahari, hukandamiza kwa nguvu inayolingana na safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hivi. Chujio, kona na mabomba vikiizuia hewa kiasi cha kupoteza presha ya sentimita 10 za maji, umepoteza asilimia 1 ya hewa, na karibu kiasi hichohicho cha nguvu.

Sasa weka vipimo hivyo viwili kwenye mizani moja. Nyuzi 6 za joto ni sawa na sentimita 10 za maji. Chujio lako la koni likikaa wazi chini ya boneti, nyuma ya rejeta na jirani na manifoldi ya eksosi, ni kawaida kwa hewa ya hapo kuzidi ya nje kwa nyuzi 30, hasa gari likiwa kwenye foleni au likiondoka baada ya kusimama. Hiyo ni karibu asilimia 5 ya nguvu. Ili bomba jipya lifidie hasara hiyo lingepaswa kuokoa karibu sentimita 50 za maji, na hapo ndipo milimita 76 zako zinaposhindwa kabisa.

Injini ya lita 2.0 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hujaza silinda zake kila mizunguko miwili. Ingejaza kikamilifu ingevuta lita 100 za hewa kwa sekunde. Kwa ujazaji wa asilimia 85 ni lita 85. Kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 63, hewa hiyo hukimbia mita 27 kwa sekunde. Kwenye milimita 70 ni mita 22, na kwenye milimita 76 ni kama mita 19. Nguvu ya mwendo huo ukiigeuza kuwa safu ya maji unapata sentimita 4.4, 2.9 na 2.1 kwa mfuatano huo. Kila kona iliyopindwa vizuri hula sehemu tu ya kiasi hicho, robo hivi. Kwa hiyo kutoka milimita 70 kwenda 76 unaokoa chini ya sentimita moja ya maji, yaani hata asilimia 0.1 ya nguvu hufikishi. Bomba la milimita 50 ndilo lingekubana kweli, kwa sababu mwendo unafika mita 43 kwa sekunde na hasara hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa injini yako, kipenyo cha ndani cha milimita 63 hadi 70 kinatosha.

Taa ya injini na sensa ya MAF

Swali lako la mwisho nalijibu mapema kwa sababu hapa ndipo injini zinapoumia.

Ndani ya sensa ya MAF kuna waya mwembamba sana unaopashwa joto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari inasoma umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Waya huo unaonja sehemu ndogo tu ya hewa inayopita katikati ya nyumba yake, yaani kipande cha bomba kinachoishika sensa. Hewa nzima kompyuta inaikadiria kwa jedwali lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kipenyo kile kile cha nyumba ile ile. Ukiihamishia sensa kwenye bomba pana zaidi, hewa ileile inapita polepole kwenye waya, na kompyuta inaamini kwamba hewa imepungua.

Chukua mfano wa nyumba ya asili yenye kipenyo cha milimita 63. Ukiipeleka sensa kwenye bomba la milimita 70, kompyuta itaona hewa pungufu kwa asilimia 19. Kwenye milimita 76 pungufu ni asilimia 31. Itamwaga petroli kwa hesabu hiyo ya uongo, na mchanganyiko utakuwa mkavu, yaani hewa nyingi kwa petroli chache. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye eksosi italigundua hilo na kompyuta itaongeza mafuta hadi ifike mwisho wa ruhusa yake. Ikifika hapo inawasha taa, na mara nyingi namba ya kosa utakayoisoma ni P0171, maana yake mchanganyiko mkavu, kwa injini yenye mstari mmoja wa silinda. Hatari hasa iko unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Magari mengi wakati huo huacha kufuata sensa ya oksijeni na kutegemea MAF pekee. Tena kompyuta ikidhani injini ina mzigo mdogo, huiwahisha cheche ya plagi. Mchanganyiko mkavu na cheche iliyowahi, vikikutana kwenye joto la kukanyaga hadi mwisho, ndivyo vinavyoifanya injini igonge na hatimaye kutoboa pistoni.

Kwa hiyo nyumba ya MAF ibaki ileile ya kiwandani. Kata kipande hicho kutoka kwenye mfuniko wa akiba wa sanduku, ukiunge kwenye njia yako mpya kwa mpira wa silikoni. Kama hutaki kuukata mfuniko, tengeneza flenji (bamba la kufungia kwa bolti) ya kuifunga nyumba nzima. Mshale ulioandikwa kwenye sensa uelekee injini. Kabla ya sensa acha kipande kilichonyooka chenye urefu usiopungua kipenyo cha bomba, na nafasi ikiruhusu fanya mara mbili. Hewa inayotoka kwenye kona kali hufika ikiwa imeegemea ukuta mmoja, na waya ule wa katikati husoma kitu tofauti na kile jedwali linachotarajia. Kama nyumba ya asili ina wavu mdogo mbele ya sensa, usiutoe. Upo ili kuisawazisha hewa.

Wenye magari yasiyo na MAF, yanayosoma presha ndani ya manifoldi kwa sensa ya MAP, wana uhuru mkubwa zaidi hapa, kwa sababu kompyuta yao haijali bomba lina kipenyo gani. Kwao sensa ya joto la hewa ndiyo ya kuangalia, ihamishwe pamoja na bomba na ibaki kwenye mkondo wa hewa.

Kupima kabla ya kukata

Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, na watu wengi huiruka. Usiamini mtu yeyote, pamoja na mimi, anayekuambia sanduku lako la kiwandani linabana au halibani. Lipime.

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita tatu hadi nne. Upinde umbo la U kwenye ubao mrefu, kila mguu uwe na angalau sentimita 80, uubane ubaoni na uchore alama za sentimita kati ya miguu hiyo miwili. Mimina maji yenye tone la rangi hadi nusu. Mguu mmoja uache wazi. Mwingine uupeleke chini ya boneti na uuingize kwenye tundu dogo la milimita 4 ulilotoboa kwenye sanduku la hewa. Toboa mawili: moja upande ambao hewa haijachujwa, lingine upande ambao imeshachujwa. La pili ulizibe vizuri kabisa baada ya zoezi, maana lolote linalopitia hapo linaingia injini bila kuchujwa.

Kwenye barabara tupu na salama, mwenzako akiwa ameshika ubao wima na kuyarekodi maji kwa simu, kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye gia ya pili mpaka injini ikaribie mzunguko wake wa juu. Maji yatapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Tofauti ya kimo kati ya miguu miwili ndiyo hasara yako. Feni ya ndani ya gari iwe imezimwa wakati huo, na dirisha lifunguliwe kidogo, ili presha ya ndani ya gari isikudanganye.

Tundu la kwanza linakuambia mdomo wa kuvutia hewa unabana kiasi gani. La pili, ukitoa lile la kwanza, linakuambia chujio linabana kiasi gani. Kama mdomo unakula sentimita 20 na chujio 5, unajua pa kushughulikia, na wala si chujio. Kama vyote viwili kwa pamoja havifiki 10, basi kiwanda kilifanya kazi yake, na unachoweza kukipata kwa kupanua njia ni chini ya asilimia 1 ya nguvu hata ukitumia bomba zuri kiasi gani.

Kwa gari lenye sensa ya MAP kuna njia fupi: kwa skana ya OBD (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) soma presha ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, kisha soma tena ukiwa umekanyaga hadi mwisho kwenye mzunguko wa juu. Kila kilopaskali 1 ya tofauti ni sentimita 10 za maji, ingawa hapo umeihesabu na throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio la mafuta.

Skana hiyohiyo itumie kusoma joto la hewa inayoingia. Liandike ukiwa kwenye mwendo, ukiwa kwenye foleni, na dakika moja baada ya kuondoka kwenye foleni, pamoja na joto la nje kila mara. Magari mengi ya kisasa huvuta hewa kutoka mbele ya rejeta au pembeni ya taa, na utakuta ukiwa kwenye mwendo hewa ya injini imezidi ya nje kwa nyuzi chache tu. Kama lako ni hivyo, tayari unayo njia ya hewa baridi. Kazi yako iwe kuiboresha, usiibomoe.

Mdomo ukae wapi

Mahali pazuri ni mbele ya rejeta, nyuma ya grili au pembeni ya taa, juu. Hapo hewa haijagusa kitu cha moto. Usihangaike na ndoto ya upepo wa mwendo kuijaza injini. Kwa kilomita 100 kwa saa, presha yote ambayo upepo unaweza kukupa ni kama sentimita 5 za maji, nusu ya asilimia moja, na hiyo ni kama ungeikamata yote. Unachotaka kutoka mbele ya gari ni ubaridi.

Wengine hulishusha chujio hadi ndani ya bampa, chini ya fenda. Ni kweli hapo pana ubaridi, lakini maji hayakandamiziki. Chujio likizama kwenye dimbwi hata kwa sekunde moja, injini huvuta maji, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichokubali kubanwa, na konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Matone ya mvua na michirizi ya tairi si tatizo kubwa. Kuzama ndiko kunakoua. Kanuni yangu ni kwamba mdomo mpya usikae chini zaidi ya ule wa kiwandani, kwa sababu kimo kile kilichaguliwa kwa kufikiria maji. Na ikitokea injini imezima ndani ya maji, usipige stata. Toa plagi zote kwanza ili maji yapate pa kutokea.

Sura ya mdomo nayo ina maana kuliko wanavyodhani wengi. Bomba lililokatwa tu na kuachwa likiwa limejitokeza, hewa inapinda kwa ghafla kwenye ukingo wake na kupoteza karibu nguvu yote ya mwendo wake, asilimia 80 au zaidi. Mdomo uliopanuliwa na kuviringwa kama tarumbeta hupoteza asilimia 4 hivi tu. Kwa bomba lako la milimita 70, tofauti hiyo ni zaidi ya sentimita 2 za maji, yaani faida kubwa kuliko ya kupanda hadi milimita 76, na unaipata kwa kipande kifupi cha plastiki kilichoviringwa ukingo.

Ningejenga hivi

Kwa gari kama lako ningelibakiza sanduku la kiwandani pamoja na MAF yake, nikaweka chujio jipya la karatasi, nikatengeneza upya mdomo na shingo ya kuvutia hewa hadi mbele ya rejeta, na nikalizungushia sanduku kinga ya joto upande unaotazama manifoldi. Kazi hiyo inakupa karibu faida yote iliyopo na haigusi hesabu ya mafuta hata kidogo.

Kama vipimo vyako vimeonyesha sanduku lenyewe ndilo linalobana, au unataka tu kujenga chako, jenga sanduku lililofungwa. Tengeneza kiolezo cha kadibodi kwanza ndani ya gari, boneti ikifungwa na kufunguliwa, mpaka kikae bila kugusa chochote. Kisha kihamishie kwenye bati la alumini la milimita 1.5. Chujio la koni likae ndani likiwa na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kila upande. Mdomo wa sanduku uwe na eneo kubwa kuliko la bomba, angalau mara moja na nusu: bomba la milimita 70 lina sentimita za mraba 38, kwa hiyo mdomo wa sentimita 6 kwa 10 unatosha. Ukingo wa juu uvishe mpira wa mlango wa gari ili uigandamize boneti. Kujua kama umeziba, funga boneti juu ya ukanda wa karatasi kisha uuvute. Ukitoka bila kupinga, joto nalo linaingia hapo. Rudia kila sentimita 10 kuzunguka ukingo wote, utashangaa ni wapi panapovuja.

Riveti zitumie kwenye sanduku tu, upande wa kabla ya chujio. Baada ya chujio kusiwe na riveti, nati wala kipande chochote kinachoweza kulegea, maana njia yake ni moja tu, kwenye silinda. Mshono wa kuchomelea uusage kwa ndani kwa tupa na msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha bomba lioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa. Vumbi la msasa ni vumbi la kusagia.

Bomba lenyewe linaweza kuwa la alumini, au la plastiki ngumu ya magari. Wengi huogopa kwamba alumini itaipasha hewa joto. Kwenye mwendo wa mita 22 kwa sekunde, hewa inapita bomba la sentimita 60 kwa chini ya sekunde 0.03, na muda huo hautoshi kupata joto la maana. Injini ikizunguka taratibu gari likiwa limesimama, wakati hewa inajikokota, joto huingia kweli, lakini hapo huhitaji nguvu. Kona ziwe zimepindwa kwa mashine inayolinda duara lake. Bomba lililopindwa likabonyea ndani lina kipenyo cha pale lilipobonyea.

Rafiki yako na PVC yake simuungi mkono. PVC ya maji ina kikomo cha matumizi cha nyuzi 60 hivi, na chini ya boneti joto hilo hupitwa kirahisi. Italainika, klipu italegea, hewa isiyochujwa itaingia, na wewe hutaona kitu kwa nje.

Injini hucheza kwenye mauntini zake lakini sanduku limefungwa kwenye bodi. Kwa hiyo lazima pawe na kiungo laini cha mpira au silikoni kati yake, na bomba lishikwe kwa breketi yenye raba. Ukilifunga kwa ugumu pande zote mbili litapasuka kwenye mshono. Liache angalau vidole viwili kutoka kwenye mikanda na feni.

Halafu kuna mpira mmoja ambao husahaulika, ule wa kupumulia injini unaotoka kwenye kifuniko cha valvu na kuingia kwenye njia ya hewa. Lazima uunganishwe baada ya MAF na kabla ya throto, kama ulivyokuwa. Ukiuacha ukining'inia wazi au ukiuwekea kichujio chake kidogo, injini itavuta kupitia hapo hewa ambayo MAF haijaihesabu, na utarudi kwenye P0171 ukijiuliza kosa liko wapi.

Kuhusu chujio, yale ya pamba yanayopakwa oili yanapitisha hewa vizuri, ila ukizidisha oili inapeperuka na kuganda kwenye waya wa MAF, na usomaji unaanza kupotea. Kwa gari la kila siku mimi huchagua la karatasi au la nyuzi kavu.

Baada ya kufunga

Kabla bomba halijaingia garini, ziba ncha zake mbili, pampu hewa kidogo sana ndani na upake maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Povu likitokea, rekebisha. Likishakaa kwenye gari, paka grisi nyepesi, utando tu, kwenye ukuta wa ndani wa bomba mara baada ya chujio. Endesha wiki moja, fungua, na uifute kwa kitambaa cheupe. Grisi safi maana yake chujio limekaa vizuri. Ukiona chembe za mchanga, zimepita pembeni ya chujio, na chembe hizo ndizo zinazokwangua silinda na ringi. Nguvu ya asilimia 2 hailingani hata kidogo na injini iliyokwanguliwa.

Rudia vipimo vyote ulivyovichukua mwanzo: maji, joto, na trimu ya mafuta, ile asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kujisahihisha. Trimu ya muda mrefu ikikaa ndani ya asilimia 5 juu au chini, na haijahama sana kutoka ilipokuwa, MAF yako inasoma ukweli. Ikiruka hadi 15 au 20, simama, usikanyage hadi mwisho mpaka ujue kwa nini. Usitumie masikio kupima. Sanduku la kiwandani lina vyumba vilivyowekwa kunyamazisha mvumo wa hewa, na ukiviondoa gari litasikika lina nguvu hata kama limepoteza.

Mafuta hayatapungua. Kwenye mwendo wa kawaida throto imefungwa kwa kiasi kikubwa, na hiyo ndiyo inayoibana injini makusudi ili isitoe nguvu usizozihitaji. Ukilegeza njia kabla yake, mguu wako utafunga throto kidogo zaidi kupata mwendo uleule, na matumizi yatabaki palepale. Anayetafuta kupunguza mafuta aanze na presha ya matairi na plagi.

Kuhusu nguvu: kama leo hewa yako inaingia ikiwa moto, au mdomo unabana sana, unaweza kupata asilimia chache ambazo utaziona kwenye kipimo na pengine kuzihisi kwenye mzunguko wa juu. Kama kiwanda kilishakupa hewa ya baridi, utapata sauti. Vipimo vya maji na joto ndivyo vitakavyokuambia uko kundi lipi, kwa hiyo anza navyo. Na sanduku la asili usilitupe wala kulikata. Kata mfuniko wa akiba, lile lihifadhi kamili na klipu zake zote, kwa sababu siku ya ukaguzi wa gari au ya kuliuza unaweza kulihitaji.